Damu ya Nani

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia kutoka Molo mfuko wa maua makavu ya pareto. Nilipoufungua jikoni, harufu yake haikunipeleka kwenye shamba la mama, kama alivyotarajia, bali Ahero, karibu na Kisumu, katika nyumba ya udongo ya bibi mmoja tuliyemwita Dani, asubuhi moja ya Mei mwaka 2012.

Mbu jike wa Anopheles, yule aenezaye malaria, akishashiba usiku hutua ukutani kupumzika, kwa hiyo tulikuwa tumefika mapema kuwakusanya na kuwahesabu. Tulitoa vyakula, vyombo na wajukuu watatu, tukatandika shuka nyeupe sakafuni na kitandani, tukafunga dirisha. Mwenzangu mmoja akapuliza dawa ndani, dawa iliyokamuliwa katika maua yale yale niliyochuma utotoni, na mwingine akapuliza nje, kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na paa, mbu wasije wakatorokea huko. Tukangoja dakika 10.

Shuka tulizikunja kutoka pembeni, tukazitoa kwenye mwanga. Mbu walikuwa wamelala chali, baadhi wakitikisa miguu bado, na matumbo yao yamevimba, mekundu kiasi cha kuonekana bila miwani. Nilikuwa nikiwaokota kwa kibanio, mmoja mmoja, nikiwahesabu kimoyomoyo, na nimefika 19, Dani alipoinama na kunigusa bega.

"Mwanangu, hii ni damu ya nani?"

Nilimjibu kwa majivuno ya mtu aliyetoka chuoni juzi, kwamba maabara ingetuambia kama ni ya binadamu au ya ng'ombe.

"Ng'ombe sina," akasema. "Nauliza ni ya yupi kati ya hawa."

Wajukuu walikuwa wakichezea vifuniko vya chupa zetu. Chandarua kilikuwa kimoja, na kila jioni yeye ndiye aliyeamua nani alale ndani yake.

Kwenye fomu nilijaza: mbu 31, walioshiba 24. Swali la Dani halikuwa na safu yake, na garini hatukuwa na chandarua hata kimoja, kwa kuwa kazi tuliyotumwa ilikuwa kuhesabu. Tulikung'uta shuka, tukarudisha vyombo, tukaenda boma la pili. Nilihamishwa kabla ya majibu ya maabara kutoka, wala sikuyaulizia, na sababu nilizojipa wakati ule sizikumbuki.

Jana dada alipiga simu kuuliza kama nimeshayachoma maua chumbani, mbu wasinisumbue. Mfuko ungali juu ya kabati.