Mkaratusi kwenye msumeno wa meza

Mbao nyingi zinazouzwa Goma ni za mkaratusi, na mara nyingi huuzwa bado mbichi. Mti huu hukua haraka, na gogo hubaki na mkazo ndani. Ukipasua ubao kwa urefu, vipande viwili huenda vikaachana, au vikabana diski. Hapo ndipo hatari ilipo: meno ya nyuma, yanayopanda kutoka chini ya meza, huudaka ubao na kuurusha tumboni mwako. Kwa hiyo usisimame kwenye mstari wa diski, simama pembeni kidogo.

Kinga yenyewe ni kile kisu kisichokata, bamba la chuma linalokaa nyuma ya diski na kuzuia vipande visiibane, ambacho wengi hukifungua siku ya kwanza na kukitupa. Kirudishe. Diski yenye mwili wa mm 1.8 na mkato, yaani upana wa meno, wa mm 2.8 inataka kisu cha mm 2.2 hivi: kikizidi mkato, ubao unakwama, kikiwa chembamba kuliko mwili wa diski, ni pambo tu.

Gidi, ile reli ya pembeni, ndiyo ya pili. Chomoa waya, kisha pima kutoka gidi hadi jino moja, mbele. Zungusha diski, upime jino lilelile nyuma. Nyuma pakiwa papana kwa mm 0.1 au 0.2 ni sawa. Pakiwa pembamba, ubao utaungua ukingoni. Ubao uliopinda usiuegemeze kwenye gidi kabla ya kunyoosha ukingo mmoja kwa randa.

Kupasua kwa urefu, diski ya mm 250 yenye meno 24 inatosha. Ya meno 60 ni ya kukatia upana. Mota ya wati 1,800 hula ampea 8 hivi kwa volti 220, basi rallonge, ule waya wa kurefushia umeme, iwe ya mm² 2.5, na uikunjue yote, isibaki imeviringwa.

Kwenye visi, yaani skrubu, achana na vile vyeusi vya plafo (dari): chuma chake ni kigumu lakini hukatika kichwa ndani ya mkaratusi. Kwa visi ya mm 4, toboa mm 3 kwenye ubao wa chini na mm 4.5 kwenye wa juu, upake sabuni kwenye nyuzi za visi. Meza pana ikifungwa kwa visi, matundu ya pembeni yawe marefu kuelekea upana wa ubao, maana ubao ukikauka husinyaa kwa upana, na tundu la duara litaupasua.