Barakoa, wageni, na sie tuliokuwa mapokezi

Kila zikizuka stori za wakati wa corona Zanzibar naona zinasimuliwa nusu nusu. Kuna wanaosema wazungu walituletea maradhi na dharau juu yake, wanakatiza sokoni Darajani pua nje mdomo nje wanacheka, na kuna wanaosema aa waacheni, si ndo hao hao waliotutoa njaa. Mie nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja kaskazini ya Unguja, nimewapokea hao wageni, nimewapa funguo, nimebishana nao, wengine nimewapenda kwa kweli, na nnachotaka kusema ni kwamba hasira zetu nyingi tulizipeleka pasipo. Mgeni alikuwa na makosa yake sikatai. Lakini mgeni hufuata sheria ya nyumba pale mwenye nyumba anapoitamka, na nyumba yetu ilikaa kimya karibu mwaka mzima.

Tuanze Machi 2020 manake watu washasahau ilivyokuwa. Tarehe 16 Waziri Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza Tanzania, mwanamke Mtanzania aliyetoka Ubelgiji akateremkia Kilimanjaro akenda Arusha. Siku mbili baadae Waziri Mkuu Majaliwa akataja wawili wengine, Mmarekani yupo Dar na Mjerumani wa miaka 24 yupo Zanzibar. Sasa angalia tulichokishika vichwani. Yule Mtanzania hakuna aliyemzungumza mtaani kwetu, ila Mjerumani alikuwa kila baraza. Kesho yake tu mzungu akipita watoto wanampigia kelele Corona! Corona! na wakubwa wamekaa hapo hapo wanatizama, wengine wanacheka. Mchina ndo usiseme, kuna mmoja alikuwa mteja wa siku zote kwenye duka la vifaa vya simu karibu na kwetu, mtu wa salamu kabisa, akiingia watu wanatoka. Yeye alikuwa hajatoka kisiwani tangu mwaka uliopita lakini nani atamsikiliza.

Mwezi wa nne wake tukaona upande wa pili. Guangzhou kule Uchina Waafrika wakaanza kutolewa kwenye nyumba walizopanga, wananyimwa vyumba hotelini, wanalala nje na mabegi yao, wanapimwa kwa nguvu hata kama hawajasafiri popote. Wanigeria, Wakenya, Waganda, video zikazunguka WhatsApp na sote tulichukia, serikali za Afrika zikawaita mabalozi wa Uchina kuwauliza. Mie nilichukia pia, na bado nachukia. Ila nilikuwa nakumbuka na yule bwana wa duka la simu, kwa sababu mtu aliyefukuzwa Guangzhou na mtu aliyepigiwa kelele Darajani wamefanyiwa jambo moja, wote wamehukumiwa kwa sura, hakuna aliyeuliza ametoka wapi wala amefanya nini.

Haya. April ile sie wenyewe tulikuwa tunavaa barakoa vizuri tu. Mafundi cherehani walishona za vitenge mpaka vitambaa vikawa adimu, kila duka lina ndoo ya maji na sabuni mlangoni, skuli zimefungwa, kwenye daladala konda anakwambia kaa mmoja mmoja. Nani kasema Waswahili hawawezi kufuata utaratibu? Tuliweza. Kilichotokea ni Mei, Rais Magufuli akasema vipimo vimepelekewa sampuli za mbuzi na papai na vikaja na majibu ya corona, takwimu zikasimama kwenye watu 509 hazikutolewa tena, tarehe 18 mwezi huo huo anga likafunguliwa na karantini ya wageni ikaondoshwa. Juni Zanzibar ikafungua milango ya watalii. Zile ndoo za mlangoni zikabaki tupu, baadae watu wakazibeba wakatilia nazi. Na ukivaa barakoa sasa unaulizwa unaumwa? au unaulizwa imani yako iko wapi, na anayekuuliza ni jirani yako sio mtalii.

Sasa hapo ndo inaingia njaa na lazima niiseme kwa sababu bila hiyo hutoelewa chochote. Mwaka 2019 walikuja Zanzibar watalii zaidi ya laki 5. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki 2 na nusu, yaani nusu yao hawakuja. Na hesabu ya kawaida inayotolewa ni kwamba zaidi ya robo ya uchumi wa visiwa inatokana na hao watu. Robo hiyo kwetu si namba, ni mkaanga pweza wa Forodhani, ni dereva teksi, ni mama anaefua mashuka, ni papasi wa Nungwi, wale vijana wanaotembeza wageni, ni mwanangu anaesubiri ada. Hoteli yetu ilituambia nendeni nyumbani mtaitwa, hakuna mshahara, hakuna hata nauli, na wengi hawakuitwa. Kwa hiyo zilipoanza kuja ndege za kukodi kutoka Urusi na Ukraine mwisho wa mwaka ule, zimejaa, kila mtu alishukuru Mungu. Yule yule mzungu aliyekuwa corona mwezi wa tatu, mwezi wa kumi na mbili alikuwa mkombozi wetu. Na mkombozi humwambii avae barakoa.

Na wao walikuja kwa hilo khasa. Nimeambiwa na wageni kwa mdomo wao, wengi tu, tumekuja huku kwa sababu kwetu kumefungwa, hapa hakuna corona, hapa tunapumua. Wengine wakiona mfanyakazi amevaa wanamwambia vua vua, hapa huihitaji hiyo, kama wanamfanyia wema. Hapo nilikuwa nakereka. Umetoka kwenye nchi ambayo hospitali zimefurika, umekaa kwenye ndege saa nyingi na watu mia mbili, halafu unateremka unamwambia mtu mwenye bibi yake wa miaka themanini nyumbani kwamba hapa hakuna kitu? Umejuaje? Sie wenyewe tulikuwa hatupewi hata namba.

Ngoja nikupe moja niliyoiona karibu. Alikuja mama mmoja mtu mzima na mumewe, wametoka Ulaya, mama amevaa barakoa nyeupe ile iliyochongoka mbele, jasho linamtoka jua la mchana, begi lake linavutwa na kijana wetu hana kitu usoni. Akafika kaunta akasimama mbali kidogo, akaniuliza kwa upole kabisa, mbona wewe hujavaa, je unayo? Ninayo, ipo droo ya chini na funguo za akiba. Sijavaa kwa sababu siku chache kabla yake meneja alituita sote jikoni akasema sitaki kuona barakoa mbele ya wageni, mnawatisha, watadhani hapa kuna ugonjwa, atakaevaa asije kazini. Sasa hayo nimwambieje mgeni? Nikamwambia tu karibu sana mama, nitakupelekea funguo chumbani. Nyuma yake kwenye makochi kuna vijana wageni wengine wanne watano wanamtizama wanachekana, mmoja akajifunika mdomo kwa kofia kumuigiza. Yule mama aliwaona. Hakusema kitu. Alikaa siku zake zote kwa kula chumbani, na mumewe akija kuchukua chakula anaomba radhi, eti samahani tunawasumbua.

Basi ukiniuliza ugomvi wa barakoa Zanzibar ulikuwa baina ya nani na nani, siwezi kukwambia ni wenyeji na wageni. Yule mama na mie tulikuwa upande mmoja. Meneja na wale vijana wa makochi walikuwa upande mmoja.

Januari na Februari 2021 ndo kulikuwa kubaya. Uingereza ilizuia wasafiri wanaotoka Tanzania kuanzia tarehe 22 Januari kwa kuogopa kirusi kipya, Maaskofu wa Katoliki wakatoa tahadhari, na kwetu misiba ikawa inafuatana, leo kwa fulani kesho kwa fulani, wote wamefariki kwa changamoto ya kupumua, hivo ndivyo ilivyokuwa inasemwa na hakuna anaeongeza neno. Watu wanapiga nyungu majumbani, mtaa mzima unanuka mkaratusi na mchaichai. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilisema wazi kwamba ana corona, na tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili. Sijui kama mtu wa nje anaweza kuelewa ule msiba ulivyokuwa kwetu, hata waliokuwa hawampigii kura walilia. Na usiku ule kwenye fukwe za kaskazini muziki ulilia kama kawaida, wageni wanacheza. Kuna kijana wa baa, mdogo wangu wa mtaa mmoja, alinipigia simu anatetemeka kwa hasira, dada hawa watu hawana utu. Nikamwambia wao hawajui aliyefariki ni nani, nani kawaambia? Hoteli haikuwaambia. Bendera ilishushwa nusu mlingoti na mgeni anaipita anadhani upepo tu.

Nilikuwa nafuatilia na wenzetu walivyofanya. Bali kule Indonesia ni kisiwa kama sie, kinakula utalii kama sie, na wao waliweka sheria ya barakoa na faini. Mgeni asiye na pesa ya faini walimpigisha pushapu barabarani, picha zikazunguka dunia nzima Januari 2021. Baadae wakapandisha faini ya mgeni ikawa rupia milioni moja, na wa kurudia kosa anarudishwa kwao. Wawili waliojirekodi mmoja amechorwa barakoa ya rangi usoni wakaingia nayo supamaketi walifukuzwa nchini kweli. Zile pushapu mie sikuzipenda, mtu mzima kumdhalilisha mbele ya kamera haisaidii afya ya mtu yeyote. Lakini sheria iliyoandikwa na faini inayojulikana, hiyo naikubali moja kwa moja, kwa sababu inamtoa mhudumu kwenye ugomvi. Thailand wao waziri wa afya Anutin Charnvirakul alikasirika Februari 2020 akigawa barakoa stesheni ya treni Bangkok, wazungu wengine wakazikataa, akasema wafukuzwe nchini, na baadae ikabidi aombe radhi. Hiyo ndo tofauti nnayoisema. Ukimtukana mgeni kwa sababu ni mgeni umejishusha wewe. Ukimuonesha sheria na mwenyeji pia anaifuata, atabishia nini?

Na kwamba wangefuata ninao ushahidi wangu. Siku ya kuondoka, mgeni yule yule aliyekuwa ananiambia vua, anateremka ngazi na begi na barakoa ipo mkononi. Anaivaa kwenye teksi kabla hata hajafika uwanja wa ndege, kwa sababu shirika la ndege halimpakii bila hiyo, na kabla ya hapo ameshakwenda kupima na kulipa na amekaa foleni kimya. Hakumgombeza mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sie jembe tulikuwa nalo tumelificha droo ya chini.

Mabadiliko yalikuja baada ya Machi 2021. Mama Samia alipoingia urais baada ya Magufuli kufariki aliunda kamati ya wataalamu, tukaanza kumuona rais mwenyewe amevaa barakoa, Mei ikawekwa kipimo cha haraka kwa wanaoingia uwanjani, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani Ikulu Dar, zilipokuja dozi za Johnson & Johnson zaidi ya milioni moja kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Hotelini kwetu pakabandikwa karatasi mlangoni, barakoa tafadhali, kwa lugha nne. Mgeni mmoja mmoja alinuna. Wengine wote walivaa, na meneja yule yule aliyetukataza sasa anatuuliza barakoa yako iko wapi. Hakuna aliyekimbia, na mwaka ule watalii wakapanda tena karibu laki 4. Ile hofu ya kwamba tukiwaambia wataondoka haikuwa na msingi wowote, na kuna watu waliugua kwa ajili ya hofu ile, wafua mashuka, wahudumu, wapishi, watu wanaoingia chumbani baada ya mgeni aliyekohoa usiku kucha. Wao ndo wanaoniuma mpaka leo. Hawakuwa na bima, hawakuwa na likizo ya ugonjwa yenye malipo, na akibaki nyumbani siku tatu nafasi yake ina mtu.

Sasa hivi nipo hoteli nyengine. Siku ya mahojiano nilipoulizwa kama nina swali sikuuliza mshahara kwanza, niliuliza hivi, yakija maradhi mengine nani atamwambia mgeni avae, mie au karatasi aliyosaini wakati wa kubuki? Na mfanyakazi akitaka kujikinga anaruhusiwa au haruhusiwi? Na akiugua analipwa? Bosi, mama mtu mzima wa Kizanzibari, alinyamaza kidogo akasema la kwanza na la pili halina shida, yataandikwa kwenye mkataba wa kila mtu, la tatu mpaka akae na mwenzake. Mawili yameshaandikwa, nimeyaona na nimesaini. La malipo ya ugonjwa bado tunamfuatilia, mie na wenzangu wa jikoni, na ikifika mwisho wa msimu bila jibu tutakwenda kwa pamoja. Mlioko hoteli nyengine ulizeni na nyie.