Mkungu wa Baba

Juzi binti yangu wa mwisho alirudi shuleni na mche wa mkungu, mti wa kungu, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo. Akapitiliza hadi nyuma ya bafu, akachutama. "Baba, tuupande hapa. Pana unyevu, hatutahangaika kuumwagilia."

Nikamwambia asubiri. Hakujua kwamba amenirudisha Chumbageni, Tanga, kwenye arobaini ya babu yake.

Ilikuwa masika ya 2009. Turubai limeshafungwa uani, sufuria za pilau ziko mekoni, wageni wa Pangani na Muheza wameanza kushuka. Choo kikaziba. Kila ndoo tuliyomwaga ilirudi, na kabla hatujajua la kufanya maji machafu yakafurika bafuni, yakashika njia ya ukumbini ilikotandikwa mikeka. Mama yuko ndani kwenye eda, anasikia kila kitu, hawezi kutoka.

Fundi alifungua chemba iliyo karibu na mkungu wa Baba. Akalala kifudifudi kwenye tope, akazamisha mkono mpaka begani, akapapasa mdomo wa bomba. Akatulia. Kisha akaanza kuvuta, polepole, akipumzika na kuvuta tena. Kilichotoka nilidhani ni katani: nyuzi za kahawia, ndefu kuniliko, zimesukana na kushika umbo la bomba lenyewe, mviringo wa inchi nne. Ndani yake zimenasa karatasi, mafuta yaliyoganda na kipande cha kitambaa. Tulipochimba baadaye tukakiona kiungio ulipoingilia. Pale mzizi ulikuwa bapa, mwembamba kama ukucha. Ulipokwisha kupenya ndipo ulipojaa.

"Mti hauna kosa," fundi akasema. "Bomba lenu la saruji limeachia kwenye kiungio, linavuja kidogo kidogo. Mzizi umefuata maji."

Jirani akashauri tumwage mrututu, ile chumvi ya buluu inayoua mizizi. Fundi akakataa katakata: maji yetu yanaishia kwenye shimo, na mrututu ungeua vijidudu vinavyoozesha uchafu humo. Alitaka tuweke bomba la plastiki, viungio vishikwe kwa gundi, na mkungu tuukate, kwa sababu ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye bomba. Tukiuacha, alisema, utaitafuta nafasi nyingine.

Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Aliupanda yeye. Hamisheni bomba."

Tukahamisha. Likapitishwa upande wa pili wa nyumba, likishuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita, viungio vikazungushiwa zege. Pesa zilizotumika zilikuwa za karo ya mdogo wetu, naye akakaa nyumbani muhula mzima. Kaka yangu mpaka leo anasema tulikosea, tungeukata yakaisha. Kila nikienda Tanga naokota kungu chini ya mti ule, nazipasua kwa jiwe palepale kama tulivyokuwa tukifanya na Baba, na bado sina la kumjibu.

Jana tumehesabu hatua mimi na binti: kumi na tano kutoka kwenye chemba, hadi ile kona ya mbali. Ameuliza nani atabeba maji kila siku mpaka kule. Mche bado uko dirishani. Mizizi imeshagusa ukuta wa chupa, imeanza kuzunguka.