Kumbukumbu ya mradi: barua ya Alhamisi ya duka la leso

Rajabu

Duka letu liko Mombasa, hatua chache kutoka Biashara Street. Ni mlango mmoja, meza moja na rafu za leso, yaani kanga, mpaka darini. Mama ndiye aliyelianzisha, na mimi naliendesha mwaka wa nne sasa. Mradi niliojipa ni kuandika kila Alhamisi usiku ukurasa mmoja juu ya leso moja: jina lake (ule msemo ulioandikwa juu yake), pindo lake, mji wake, na wanavyolielewa wale wanaojifunga. Nataka kupata watu wanaoungoja ukurasa huo hata mwezi ambao hawana haja ya kununua chochote. Biashara ya leso huja kwa misimu, ya arusi na ya Idd, na katikati duka husahaulika.

Nilianza na karatasi. A4 moja nilikata vipande vinne, nikavipeleka saiba kutoa kopi, na kila doti, yaani leso mbili pamoja, iliyouzwa niliikunja na kipande ndani. Cha kwanza kilikuwa juu ya "Wema hauozi". Chini niliweka bei za wiki na maneno ya kumkaribisha mteja.

Baada ya wiki tatu fundi jirani, anayepinda leso za wateja wetu, aliniletea vipande 17 alivyofagia chini ya cherehani yake. Mteja anatoka kwetu anakwenda moja kwa moja kwa fundi doti ikatwe na kupindwa, mfuko unafunguliwa pale pale, na karatasi inabaki pale pale. Nilivisoma tena vyote usiku ule. Mistari sita ya maelezo na mistari minne ya bei: mtu yeyote angedhani ni tangazo, na tangazo halibebwi nyumbani.

Shaabani

Nikahamia kwenye simu, na hapo nikafanya kosa linaloniumiza mpaka leo. Nilichukua namba za wateja waliokuwa wamelipa kwa simu, nikawatumia wote barua ya kwanza bila kuwauliza. Baadhi walinifungia. Mama mmoja, mteja wetu tangu duka linafunguliwa, alikuja mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, namba yangu nilikupa kwa pesa, sikukupa kwa maneno." Alikuwa na haki, na sheria iko upande wake pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na duka dogo halikusamehewa. Nilimwomba radhi, nikaifuta orodha yote.

Sasa kuna daftari mezani. Anayetaka barua anaandika jina na namba kwa mkono wake, na papo hapo namwomba aisevu namba ya duka. Hilo la kusevu ni la lazima: kwenye WhatsApp, ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, haumfikii asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake, na orodha moja inabeba watu 256 tu. Mwanzoni niliona ni kikwazo. Sasa naona inanifaa, maana kila aliyemo amejiingiza mwenyewe. Wa kwanza kuandika walikuwa 41.

Bei nimeziondoa. Barua haina bei hata moja, wala haisemi leso ipo dukani au imekwisha.

Badiliko kubwa lilikuja na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Nilikuwa nimeshaandika maelezo yangu, kisha nikaona ni makavu. Nikayafuta, nikatuma picha ya leso na swali moja: hii ungempa nani? Majibu yalikuja mpaka usiku wa manane, mengi kwa sauti. Mmoja alimpa binti yake siku anaanza kazi. Mwingine aliivaa kwenye arusi ya jirani waliyekuwa wamenuniana, akapita mbele yake mara tatu. Bibi mmoja alisema hawezi kuitoa zawadi kabisa, kwani anayepewa atajiuliza yeye ni simba au ni mtu wa maneno. Mimi nimeziuza leso hizo miaka minne, na hilo halikunipitia akilini.

Nikawaomba ruhusa, nikayaandika majibu bila majina. Alhamisi iliyofuata wenyewe waliwatumia ndugu zao barua hiyo, na waliokuja kuandika daftarini wakasema wameisoma kwa dada, kwa shangazi, kwa wifi. Tukafika 96. Tangu hapo naandika kwa kusikiliza kwanza. Mchana nauliza mezani, usiku naandika.

Ramadhani

Saa mbili usiku, wakati nilipokuwa natuma barua, watu wako kwenye sala ya tarawehe. Ilinichukua Alhamisi mbili kulitambua jambo linaloonekana wazi hivyo. Nimeisogeza barua hadi saa nne.

Kosa la pili ni la elimu. Niliandika kwamba neno "leso" limetoka Kiarabu. Kesho yake akaja mwalimu mstaafu, nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Akanieleza kwa upole kwamba ni la Kireno, *lenço*, kitambaa cha mkononi. Akanisimulia kama inavyosimuliwa sana pwani: wanawake wa karne ya 19 walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado kwenye gora, wakakata sita, wakaunga vitatu juu na vitatu chini, na hapo wakapata nguo moja pana ya kujitanda.

Ningeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyelalamika. Lakini barua iliyofuata niliianza na kosa langu, kisha nikasimulia habari ya vitambaa sita. Hakuna barua iliyojibiwa kama hiyo. Watu walitaja leso za bibi zao na mahali zilikofichwa makabatini. Wengi waliniletea picha za pindo lenye "Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya leso iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1887. Nadhani walikuwa wakingoja kuona kama duka linaweza kusahihishwa.

Mfunguo Mosi

Idd imepita na mauzo yameshuka kama kila mwaka. Huu ndio mwezi niliokuwa nauogopa, maana wasomaji wa kweli ndio wanaobaki sasa.

Alhamisi ya pili mama aliugua, nikalala naye hospitalini na sikutuma kitu. Kabla ya saa tano usiku watu tisa walikuwa wameuliza, "Leo leso gani?" Sita kati yao hawajanunua doti tangu Shaabani. Nilisoma jumbe hizo nikiwa kwenye benchi la wodini, na nakiri machozi yalinilenga. Mama amepata nafuu, alhamdulillah, na sasa anazisikiliza barua kabla hazijatoka. Amenikataza neno "bidhaa". Leso ni leso, anasema.

Mfunguo Pili

Daftari lina 188. Orodha ikifika 256 itabidi nifungue ya pili, lakini sina haraka. Siku hizi nahesabu wanaojibu, na wiki iliyopita walikuwa 52. Dukani sijaona mauzo yakiruka, isipokuwa watu wanaingia wakitaja leso kwa jina, na wanakaa zaidi.

Jumatatu nilipata picha kutoka Muscat. Ametuma msomaji aliyepewa barua zetu na binamu yake wa Mombasa. Ni leso ya bibi yake, nyekundu iliyopauka, pembe moja imeliwa, na jina la leso limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama leso nyingi za zamani kabla ya herufi za Kirumi kushika. Kiswahili chenyewe ni cha kwetu. Anataka kujua bibi alikuwa anasema nini.

Nimekaa nayo na mwalimu wa madrasa jioni mbili. Neno la kwanza tumelipata, ni "moyo". La mwisho tunabishana, ama ni "siri" ama ni "sira". Katikati kuna maneno mawili yaliyofutika kwa kufuliwa. Leo usiku natuma picha yenyewe kwa wote 188, nimeikuza pale palipofifia, bila maelezo yangu. Mama amesema nisitume kabla ya saa nne, kuna arusi mtaani na wengi watakuwa bado ukumbini.