Jiwe la Kilo Moja

Mwezi wa Juni mwaka 1988, nikiwa kidato cha kwanza kusini mwa kisiwa cha Unguja, nilisimama darasani kumpinga mwalimu wetu wa kemia, na ubishi ule ndio ulionifanya niazime mizani ya dukani na kuipeleka kwenye tanuu la chokaa la babu yangu.

Somo la wiki ile lilikuwa maada, yaani kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi. Tulikuwa tumekwisha kusoma hali zake tatu, yabisi, kimiminika na gesi, na tulikuwa tumeona barafu ikigeuka maji na maji yakigeuka mvuke juu ya jiko la mafuta ya taa, kwa kuwa maabara yetu haikuwa na kingine cha kuchemshia. Masomo ya sayansi tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini mwalimu alikuwa na tabia, ambayo mpaka leo namshukuru kwayo, ya kuweka chaki chini kila alipoona macho yetu yamepotea, akaanza upya kwa Kiswahili. Siku ile alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika mabadiliko ya kiumbo, ambayo kitu hubadilika sura au hali bila kuwa kitu kingine, na upande wa kulia akaandika mabadiliko ya kikemikali, ambayo huzaa kitu kipya. Chumvi inayoyeyuka katika maji aliiweka kushoto, pamoja na barafu na samli. Kuni zinazoungua, chuma kinachoshika kutu na maziwa yanayoganda aliviweka kulia, na chini yake akaandika: kuchoma chokaa.

Hapo nilinyanyua mkono. Nilikuwa nimekulia kando ya tanuu, na mawe yakiingia na kutoka motoni nimeyaona tangu sijaanza shule. Nilimwambia mwalimu, kwa heshima lakini bila kusitasita, kwamba jiwe huingia motoni likiwa jeupe na hutoka likiwa jeupe, kwa umbo lilelile, hata vijishimo vyake vya matumbawe unaweza kuvihesabu, ilhali chumvi ikitiwa majini haionekani tena. Ikiwa kuna kilichobadilika, nilisema, basi ni chumvi, na ikiwa kuna kilichobaki kama kilivyo, basi ni jiwe. Darasa liliniunga mkono kwa kelele, maana wengi wetu tulitoka katika vijiji vya maweni, ambako ukipiga jembe mara mbili unagonga mwamba.

Mwalimu alingoja kelele zitulie. Kuhusu chumvi alinijibu kwa maneno machache: chemsha maji yale mpaka yakauke, na chumvi utaikuta chunguni, ileile uliyoitia, kwa sababu chumvi na maji vilichanganyika tu. Kuhusu jiwe alikataa kunijibu. Aliniuliza kama niliwahi kulipima kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa, nami nikasema sijawahi.

"Basi macho yako peke yake hayatoshi kuwa shahidi," alisema. "Kalipime, uje utuambie."

Babu alikuwa anajenga tanuu siku hizo, kwa sababu masika yalikuwa yamekwisha na upepo wa kusi umeshika. Asiyewahi kuliona tanuu la aina ile huenda akadhani ni jengo, lakini ni magogo yaliyopangwa duara juu ya ardhi, tabaka juu ya tabaka, yakaachiwa uwazi katikati kama kisima kidogo, na juu yake yakarundikwa mawe yaliyopondwa kiasi cha ngumi mpaka rundo zima likamzidi mtu kimo. Mawe yetu yalichimbwa nchi kavu, katika mwamba ambao zamani sana ulikuwa matumbawe chini ya bahari. Babu hakukubali kamwe kuchoma matumbawe yaliyo hai, na ninaona alikuwa na haki, kwa kuwa mwamba wa baharini ukivunjwa samaki hawana tena pa kukaa.

Jiwe langu nililichagua kwa uangalifu. Lilikuwa na alama za matumbawe mfano wa maua madogo yaliyobanana, na upande mmoja lilikuwa limemeguka likaacha umbo la mwezi mwandamo. Kwa siku nne nililiweka kando ya mafiga ili maji yaliyojificha ndani yake yatoke, kwa sababu nilihofia mwalimu asije akasema kwamba kilichopungua ni unyevu tu. Kisha nililigonga pembeni kidogokidogo kwa nyundo mpaka mizani ya mwenye duka, ile ya sahani mbili, iliposimama sawasawa na jiwe lake la chuma la kilo moja. Babu alinitazama kwa muda mrefu bila kuuliza kitu. Alipoona nimeridhika, alilichukua mwenyewe, akapanda juu ya rundo, akaliweka karibu na katikati ambako moto huwa mkali zaidi, na akalizungushia mawe matatu makubwa ili apate kulitambua.

Moto ulitiwa baada ya sala ya isha. Nilikesha karibu na tanuu lile, nikitarajia kuona kitu kikitoka katika mawe, moshi wa namna yake au harufu, na sikuona kitu. Moshi wa magogo ulipungua kadiri usiku ulivyosonga, mawe ya ndani yakawa na rangi ya chungwa, kisha yakakaribia rangi ya manjano, na hewa juu ya rundo ikawa inatetemeka. Mawe ya aina ile huhitaji joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi ili yawe chokaa. Babu, ambaye hakuwahi kushika kipimajoto maishani mwake, alikuwa akitazama ile rangi na kusema bado, bado, mpaka alfajiri aliposema tayari.

Siku ya tatu mawe yalipoa. Jiwe langu lilikuwa mahali pake, lina ufa mmoja mwembamba, na maua yake yote yalikuwa yapo. Mtu asiyejua angeapa kwamba halikupita motoni. Nilipolinyanyua, mkono wangu ulipanda juu kupita nilivyokusudia, kama mtu anayebeba ndoo aliyodhani imejaa. Dukani tuliweka nusu kilo upande wa pili, na jiwe likashuka. Tukaongeza gramu 50, likashuka bado. Tukaondoa gramu 50 tukaweka gramu 100, na safari hii jiwe likapanda. Mwenye duka hakuwa na vipimo vidogo zaidi ya hivyo, kwa hiyo niliandika katika daftari langu kwamba jiwe lilikuwa zito kuliko gramu 550 na jepesi kuliko gramu 600. Zaidi ya gramu 400 zilikuwa zimeondoka, na umbo halikupungua hata kidogo.

Babu hakushangaa. Alisema kila mchukuzi analijua jambo hilo, kwamba mawe yaliyochomwa mtu mmoja hubeba mzigo ambao ukiwa mbichi unahitaji wawili, kwa sababu moto umekula uzito.

Nililipeleka jiwe shuleni ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimekazwa. Babu alikuwa ameniagiza nisilifungue kwa mikono yenye maji na nisiyaguse macho yangu kabla ya kunawa, na maagizo yale hayakuwa ya bure, maana chokaa isiyozimwa, yaani ambayo haijatiwa maji, humpofua mtu. Mwalimu alisoma daftari langu mara mbili. Akaliweka jiwe juu ya sahani ya bati, akaweka pembeni yake kipande cha jiwe bichi, akatuamuru turudi nyuma, na akayamwagia yote mawili maji kiasi cha kikombe.

Jiwe bichi lililowa, basi. Lile jingine liliyanywa maji yote likabaki kavu, na kwa muda kidogo halikufanya kitu. Kisha lilianza kulia kama kikaango, mvuke ukapanda, ule ufa mwembamba ukafunguka, nyufa nyingine zikatokea kulia na kushoto, na maua yale niliyoyategemea kuwa ushahidi wangu yalivimba, yakapasuka na kuporomoka, mpaka juu ya sahani pakabaki lundo la unga mweupe laini kuliko wa ngano. Sahani ilikuwa haishikiki kwa joto, na hakuna moto uliokuwa umewashwa. Sikuwa na la kubisha. Vitu viwili vilivyofanana machoni vilipewa maji yaleyale, na kila kimoja kikajibu kwa tabia yake.

Hapo ndipo mwalimu alipotaja majina. Jiwe bichi ni kalsiamu kaboneti, kampaundi ya elementi tatu, kalsiamu, kaboni na oksijeni, zilizoungana kwa kiwango kisichobadilika. Moto huligawa kuwa kalsiamu oksaidi, ambayo inabaki, na gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo inakwenda zake. Katika kila gramu 100 za jiwe lililo safi hubaki gramu 56 na huondoka gramu 44. Niliitazama hesabu ile ubaoni, nikatazama daftari langu, na nikahisi furaha ambayo sijui kuieleza vizuri hata sasa: mizani ya dukani, iliyozoea kupima sukari na unga, ilikuwa imesema maneno yaleyale. Mwalimu alitusimulia kwamba katika miaka ya 1750, huko Uskoti, Joseph Black alifanya karibu kazi hiyohiyo, akipima kabla ya moto na baada ya moto, akagundua kwamba kilichopungua kilikuwa hewa ya namna yake iliyofungwa ndani ya mawe, na kwamba hewa hiyo imo katika pumzi tunazotoa.

Ushahidi wa hilo la mwisho tuliutengeneza wenyewe. Tulikoroga unga wa jiwe langu katika maji, tukauacha utuame, na tukamimina maji ya juu, maangavu kabisa, ndani ya bilauri. Mwalimu alikata bua la jani la mpapai, ambalo ndani ni tupu, akanipa nipulize, huku akisisitiza kwamba nipulize tu na nisivute hata kidogo. Kwa pumzi za kwanza palikuwa na mapovu matupu. Kisha wingu jembamba lilianza kuonekana kwenye ncha ya bua, likasambaa, na maji yote yakawa kama tui jepesi. Wingu lile, alisema mwalimu, ni jiwe. Gesi iliyotoka kifuani mwangu ilikuwa imeungana na chokaa na kuwa kalsiamu kaboneti tena, chembe ndogondogo za kitu kilekile kilichokuwa kimechimbwa maweni.

Tangu siku ile sijawahi kukubaliana na wale wanaofundisha kwamba alama ya badiliko la kikemikali ni kutorudi nyuma. Huifanya kazi ya mwalimu iwe nyepesi, lakini si kweli. Chumvi hurudi kwa kukausha maji tu, kwa sababu haikuwahi kuwa kitu kingine. Chokaa nayo hurudi kuwa jiwe, ila kwa kuungana upya na kile ilichopoteza, na hiyo ndiyo tofauti inayostahili kuandikwa ubaoni.

Jioni nilimkuta babu akipiga lipu ukuta wa uani kwa chokaa na mchanga. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba moto haukula uzito wa mawe, umeutoa nje kwa njia ya hewa isiyoonekana. Hakuniamini, na sikumlaumu. Nilichukua kipande cha jiwe bichi nikakamulia ndimu juu yake, na vipovu vikaanza kuchemka pale tone lilipoangukia. Aliinama akavitazama kwa karibu.

"Ndiyo hewa yenyewe hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo, babu. Ndimu inaitoa kidogo, moto unaitoa yote."

Nikamweleza habari ya pumzi na bilauri, na kwamba ukuta aliokuwa anaupiga lipu utaivuta hewa ileile siku baada ya siku, nje kwanza na ndani baadaye, kwa miaka, ndipo uwe mgumu kama jiwe. Alikaa kimya. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa mdogo, kwamba ukuta mpya wa chokaa haufunikwi ukafungiwa, unataka kupata hewa, na kwamba ukuta wa zamani humtoa jasho mwenye kuuvunja kuliko ukuta mpya. Alikuwa akiyajua yote mawili kwa zaidi ya miaka arobaini.

Aliweka kiganja chake juu ya lipu mbichi.

"Kwa hiyo ukuta huu unakusanya pumzi zetu humu ndani?"

"Pumzi zetu, babu, na za moto wa jikoni."

Aligeuka kuutazama mlango wa jikoni, ambako bibi alikuwa akipuliza makaa. Kisha akachota lipu nyingine kwa mwiko wake, akaniambia nilete maji, kwa sababu jua lilikuwa linazama na sehemu ya chini ilikuwa bado.