Namna Nilivyoweza Kuchora Mwendo Kutoka Dirisha la Treni

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, kazi yangu yote ya uchoraji imekuwa juu ya jambo moja, nalo ni mwendo kasi jinsi unavyoonekana na mtu aliyeketi. Picha zangu hazina treni ndani yake, wala abiria, wala reli. Ni picha za dhahania, zenye mistari mirefu, tabaka za rangi na sehemu zilizoachwa wazi. Ninaandika jinsi nilivyofikia namna ya kuzifanya kwa sababu wachoraji vijana wanaonitembelea huniuliza kuhusu mbinu kuliko wanavyouliza kuhusu maana, na mimi naona wana haki ya kujibiwa kikamilifu.

Nililelewa katika mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, huko Oyster Bay, Dar es Salaam, kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao laini wa kuezekea dari, na ingawa alifariki mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo hadi ukajulikana duniani. Ni mtindo unaotaka mstari wa nje uliofungwa, mandhari ya nyuma isiyo na vitu vingi, na subira kubwa katika kuweka nukta. Chui wa Tingatinga, hata akichorwa katikati ya mbio, ametulia na anatutazama, na utulivu huo ndio nguvu yake. Kwa hiyo mtu aliyefunzwa hivyo anapotaka kuchora dunia inayopita kwa kilomita 160 kwa saa, mkono wake tayari umezoea kinyume cha kile anachokitafuta, na rangi anayoijua vizuri zaidi pia inampinga, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kugusa rangi niliwatafuta waliotangulia. Mwingereza Turner alionyesha mwaka 1844 picha ya treni ikivuka daraja katikati ya mvua na mvuke, na mbele ya treni hiyo aliweka sungura mdogo anayekimbia, ambaye huonekana kwa shida. Mwitaliano Giacomo Balla mwaka 1912 alichora mbwa anayetembea na bibi yake, miguu ikirudiwarudiwa hadi ikawa ukungu, kwa kufuata majaribio ya picha za kamera ambayo Mfaransa Marey aliyafanya miaka ya 1880, alipopiga picha za hatua nyingi za mwendo mmoja juu ya bamba moja. Baadaye Balla aliondoa hata umbo la kitu chenyewe, akabakiza mawimbi na pembe za magari yanayopita. Ninamheshimu sana. Kundi lake la Wafuturisti, hata hivyo, lilianza kwa tangazo la mwaka 1909 lililosifu kasi na vita kwa pumzi moja, na jambo hilo siwezi kulifuata. Kasi ninayoijua mimi ni ya mama anayewahi hospitali Dodoma na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kuna jambo lingine nililoliona katika kazi hizo, ambalo ndilo lililonifungulia njia. Turner na Balla, katika picha nilizozitaja, wamesimama nje. Wanatazama kitu kinachopita mbele yao. Lakini wengi wetu kasi tunaijua tukiwa ndani ya chombo, ambako sisi ndio tulioketi na nchi ndiyo inayokimbia. Nilipolitambua hilo nililiacha umbo la treni kabisa, nikaanza kukata tiketi za kiti cha dirishani, upande wa kushoto kwa anayetoka Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko inakoonekana milima ya Uluguru unapokaribia Morogoro.

Dirishani nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba nchi haikimbii yote kwa kasi moja. Treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa inapita takriban mita 44 kila sekunde. Kichaka kilicho mita 5 kutoka kwenye kioo hakiwezi kuonekana kama kichaka. Ni mfuto wa kijani tu. Mlima ulio kilomita 10 mbali unasogea mbele ya jicho polepole mara 2,000 kuliko kichaka hicho, hivyo unaonekana umesimama. Katikati yake kuna mashamba ya mkonge, yaliyopandwa kwa safu zilizonyooka, na safu hizo hufunguka na kufumba kama upepeo, kwa sababu kila sekunde unazitazama kutoka pembe mpya. Kumbe kasi ni uhusiano kati ya kinachofutika na kinachobaki. Ukifuta picha nzima, mtazamaji ataona picha iliyofutwa. Ukimwachia kitu kimoja kilichosimama imara, atahisi mwendo tumboni.

La pili nililipata kwa kumtazama abiria mwenzangu badala ya kutazama nje. Macho ya mtu anayetazama dirishani hayatulii: hushika kitu kimoja, hukifuata kidogo kuelekea nyuma, kisha huruka mbele kushika kingine, tena na tena, bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana katikati ya mifuto yote hutokea ghafla jani moja, au jiwe, au mtoto aliyepunga mkono, likiwa wazi kabisa kwa muda mfupi mno. Tangu hapo, katika kila picha naweka sehemu chache ambako mfuto unakatika na rangi inatulia, ndogo kama kiganja, zenye kingo kali. Sizipangi kwa umbali ulio sawa, kwa kuwa jicho nalo haliruki kwa kipimo.

Sasa nije kwenye rangi, ambako kazi ilikuwa ngumu zaidi. Rangi ya baiskeli ina tabia ya kujisawazisha yenyewe: ukiivuta kwa brashi, alama za nywele za brashi hutoweka kabla haijakauka, na uso unabaki laini na kung'aa. Kwa chui hiyo ni baraka. Kwa mwendo ni kikwazo, kwa sababu alama hizo za nywele ndizo zinazoonyesha mkono ulitoka wapi na ulielekea wapi. Kwa mifuto, basi, nikahamia akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, ambayo huhifadhi kila mkwaruzo. Tatizo la akriliki ni joto la Dar es Salaam, hukauka mkononi. Mimi hufanya kazi alfajiri, feni ikiwa imezimwa, nikiwa nimelowesha kanvasi kwa chupa ya kunyunyizia maji, na rangi yote nikiwa nimeimwaga tayari kwenye ukingo mmoja.

Kanvasi zangu zina upana wa mita mbili au zaidi, na mstari wa chini hauna budi kuvutwa kwa pumzi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono peke yake haufiki. Nailaza kanvasi juu ya meza ndefu, nashika mpira wa kufutia vioo ambao nimeukata meno kwa wembe, kisha natembea kando ya meza huku mwili wote ukivuta. Mjerumani Gerhard Richter alivuta rangi kwa ubao mpana kwa miaka mingi, na kutoka kwake nilijifunza kuiamini zana kuliko kidole. Lakini meno ya mpira ni yangu, na yana sababu yake. Mvuto wa polepole hujaza kila tundu la kitambaa na kutoa mstari mzito uliokamilika. Mvuto wa haraka huruka juu ya nyuzi na kuacha mstari uliokatikakatika, unaoonyesha weupe wa chini. Mstari huo uliochanika ndio unaosomeka kuwa na kasi. Karibu na ukingo wa chini natembea haraka, na kadiri ninavyopanda kuelekea mkonge na milima napunguza mwendo wangu mwenyewe.

Rangi zenyewe sizichanganyi mapema. Udongo mwekundu wa Ngerengere na kijani cha mkonge vikichanganywa kwenye kopo hutoa tope, ilhali vikilazwa kwa mistari myembamba iliyokaribiana, jicho la mtazamaji aliye mbali huvichanganya lenyewe na vinabaki na uhai. Ukisogea karibu unaona kila mmoja peke yake, na ninapenda watu wasogee.

Milima naichora kwa rangi ya baiskeli. Ndiyo sehemu isiyotembea, na hakuna rangi inayotulia kama ile niliyofundishwa nayo: kingo zilizofungwa, uso unaong'aa, na rangi moja isiyo na alama ya mkono. Utaratibu hapa ni muhimu, kwani akriliki haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta kama hiyo ya baiskeli, lakini rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki iliyokauka. Mifuto hutangulia, milima hufuata. Hilo lilileta swali la nguzo za umeme, ambazo ziko mbele ya mlima na hukata macho kwa mdundo usiokoma. Nguzo nazivuta kwa akriliki mwanzoni, nazifunika kwa utepe wa karatasi, napaka mlima juu ya utepe, kisha nauvua kabla rangi haijashika sana ili ukingo usichanike. Nguzo inabaki imezama chini kidogo ya uso wa mlima, na ukipitisha kidole unaihisi.

Picha hizi nazitundika mahali ambapo mtu anaweza kutembea kando yake, kwa kawaida kwenye ukuta wa ukumbi mrefu, nami humwomba mwenye ukumbi asiweke kiti mbele yake. Anayepita akitazama milima huona mifuto ya chini ikiwaka kwa pembeni ya jicho, jambo ambalo haliwezi kutokea kwa mtu aliyesimama katikati akiwa amekunja mikono.

Kilichonishika kwa sasa ni mahandaki ya upande wa Kilosa. Treni inapoingia humo, mlima na mkonge hutoweka mara moja, kioo kinageuka kuwa cheusi na kurudisha sura za abiria, na jicho linapoteza kabisa kipimo cha kasi huku masikio na kiti vikiendelea kuihisi. Ninafanyia kazi kanvasi nyeusi yenye tabaka nyingi za rangi ya baiskeli iliyosuguliwa kwa msasa laini, ili iakisi sura ya anayeitazama, na kwenye ukingo wake wa kulia nimeacha nafasi nyembamba kwa ajili ya mfuto mmoja wa akriliki ambao nitauvuta tabaka za nyeusi zitakapokuwa zimekauka. Nafasi hiyo niliifunika kwa utepe tangu mwanzo, ili akriliki ishike kitambaa chenyewe.