Siku moja ya mkate na usafi katika nyumba yenye mtoto anayetambaa

Saa 11 alfajiri

Maji ya bombani Dar es Salaam saa hizi hayana baridi wala moto, na hayo ndiyo yanayotakiwa. Maelekezo mengi ya mkate yanataka maji ya vuguvugu kwa sababu yameandikiwa watu wa nchi za baridi. Hapa joto la jikoni linatosha. Ukiongeza maji ya vuguvugu, hamira inakimbia, unga unaumuka kupita kiasi, na mkate unabonyea katikati.

Vipimo vya mkate mmoja: unga wa atta (ngano isiyokobolewa) gramu 300, unga mweupe wa ngano gramu 200, hamira ya chembe gramu 5 (kijiko cha chai kimoja na nusu), sukari gramu 20, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji mililita 330, chumvi gramu 5. Chumvi imepunguzwa kwa makusudi. Kwa unga kiasi hiki wengi hutia gramu 8 au 9, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuvuka gramu 1 ya chumvi kwa siku, vyakula vyote pamoja. Mkate wenye chumvi gramu 8 ukikatwa vipande 16, kila kipande kina nusu gramu ya chumvi, yaani kipande kimoja tu kimekula nusu ya kiwango chake cha siku nzima. Chumvi pia ndiyo breki ya hamira, hivyo ukiipunguza, chunga saa: unga utaumuka mapema. Asali badala ya sukari isitumike kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kama itapikwa ndani ya mkate. Inaweza kubeba vijimbegu vya ugonjwa wa botulizimu, na joto la ndani ya mkate haliviui.

Changanya, funika, acha dakika 20 bila kukanda. Pumba za atta hunywa maji polepole. Anayekanda mara moja huona unga unanata, akaongeza unga, akaongeza tena, na kesho yake mkate ni mkavu unaomomonyoka. Baada ya dakika 20 mnato umepungua wenyewe. Kanda dakika 10 juu ya meza iliyopakwa mafuta kidogo. Umekandika vizuri ukiweza kuvuta donge dogo likawa jembamba kabla halijakatika.

Saa 11:35

Unga umefunikwa kwa kitambaa kibichi na utakaa kama dakika 50. Muda huo ni wa nepi. Hili ndilo jambo linaloiwezesha siku nzima kwenda: mkate unakupa vipande vya muda, na kila kipande kina kazi yake ya usafi.

Nepi za kitambaa zilizolala ndooni usiku husuuzwa kwanza kwa maji matupu. Usizimwagie dawa ya klorini zikiwa na mkojo. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Zisuuze, ndipo zifuliwe kwa sabuni ya mche na maji ya moto, kisha zisuuzwe mara 3.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanaijua shida ya sabuni kutotoa povu na nepi kuwa ngumu kama kadibodi. Madini ya maji hushikana na sabuni yakafanya utando unaobaki kwenye nyuzi, kitambaa kikaacha kunyonya. Watu wengi huongeza sabuni, na utando nao unaongezeka. Dawa yake ni siki nyeupe mililita 50 ndani ya ndoo ya lita 10, kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, mara 1 kwa wiki. Kila siku ni nyingi mno, itakula lastiki. Maji ya kulainishia nguo yenye manukato yaacheni kabisa kwa nepi. Ulaini wake ni mafuta, na mafuta hufukuza mkojo badala ya kuunyonya. Anikeni juani. Jua la pwani hung'arisha kitambaa cheupe na kupunguza vijidudu, bila gharama.

Saa 12 na nusu asubuhi

Bonyeza unga kwa kidole kilicholowa. Shimo likirudi taratibu na kubaki nusu, tayari. Likirudi papo hapo, ongeza dakika 10. Lisiporudi kabisa na unga unanuka kama pombe, umepita. Usiuoke hivyo. Ukande upya dakika 2, uukunje uingie kwenye kibati, uumuke tena kwa nusu ya muda. Atta hupita haraka kuliko unga mweupe kwa sababu makali ya pumba hukata zile nyuzi za gluteni zinazoshika hewa.

Kwenye kibati unga ukae dakika 30. Washa mkaa sasa, nje au barazani. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa hata kidogo, wala makaa ya mwisho yasihifadhiwe ndani: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na mtoto huzidiwa nayo mapema.

Mchele wa mkate wa kumimina nao unalowekwa sasa hivi, gramu 400, ili saa 8 mchana uwe umelainika.

Saa 1 asubuhi

Uji wa watoto, na kuoka. Kwa oveni, nyuzi 200 kwa dakika 35. Kwa mkaa, chukua sufuria kubwa yenye mfuniko bapa, mimina mchanga mkavu kimo cha sentimita 2, ipashe moto dakika 15 ikiwa imefunikwa. Weka sahani ndogo ya bati yenye unga kidogo juu ya mchanga: ukigeuka rangi ya kahawia nyepesi kwa dakika 1 hivi, ingiza kibati. Ukiungua mara moja, toa makaa ya chini.

Kosa la moto juu na chini ni moja, na linarudiwa kila nyumba: makaa mengi chini. Joto hupanda lenyewe. Chini weka sehemu 1 ya makaa, juu ya mfuniko sehemu 2. Usifunue kabla ya dakika 25. Mkate ulioiva ukigongwa tumboni hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Mlio mzito maana yake bado.

Utoe kwenye kibati mara moja, usije ukatoa jasho chini. Kisha uache saa nzima kabla ya kuukata. Ndani yake wanga bado unajipanga, na kisu kikiingia mapema kinatoka na gundi. Wengi huulaumu unga kuwa mbichi, kumbe ni haraka tu. Asubuhi hii basi inaliwa sehemu iliyobaki ya jana.

Saa 3 asubuhi

Jiko. Rafu ya usafi katika nyumba hii ina vitu 6: siki nyeupe, ndimu, bikaboneti ya kuokea, chumvi ya mawe, sabuni ya mche na kopo la majivu yaliyochekechwa. Ukivigawa kwa pande mbili, vikali vya uchachu na vya aina ya magadi, huhitaji kukariri kingine. Siki na ndimu huondoa chokaa na kutu. Bikaboneti, majivu na sabuni huondoa mafuta na masizi. Uchafu wa upande mmoja hutolewa na kitu cha upande wa pili.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuchanganya siki na bikaboneti ni kupoteza vyote viwili. Povu lile linapendeza, lakini ni hewa inayotoka wakati vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu isiyosafisha chochote cha maana. Tumia kimoja, suuza, ndipo kingine. Na siki au ndimu isikutane kamwe na dawa ya klorini. Hapo inatoka hewa ya klorini yenyewe, na katika bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari ya kweli.

Birika lenye ukoko mweupe: siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, zima, acha dakika 30, sugua kwa dodoki, chemsha maji matupu mara 2 uyamwage. Sufuria ya alumini iliyofanya weusi kwa ndani: maganda ya ndimu 4 ndani ya maji, yachemke dakika 10, weusi unaondoka karibu wenyewe. Sufuria hiyo usiilowekee bikaboneti wala magadi, maana vinaila alumini na kurudisha weusi uleule. Bikaboneti ni ya chuma cha pua na enameli: chakula kikiungua chini, vijiko 2 vya chakula kwenye maji ya kufunika, yachemke dakika 15, yapoe, ukoko unang'oka kwa mwiko wa mti.

Masizi ya nje ya sufuria ya mkate husuguliwa kwa majivu ya asubuhi hiihii na kipande cha kumbi la nazi kilicholoweshwa. Majivu yakikutana na mafuta hufanya kama sabuni. Sugua, suuza hapohapo. Vaa glavu au paka mikono mafuta ya nazi baadaye, maana majivu hukausha ngozi.

Saa 4 na nusu

Sakafu. Hapa siki inakaa rafuni. Terazo ina chenga za marumaru na saruji, na vyote viwili huliwa na uchachu. Baada ya miezi kadhaa sakafu inapoteza mng'ao na kushika uchafu zaidi. Kwaruza sabuni ya mche kijiko 1 cha chakula, iyeyushe kwenye lita 5 za maji ya moto, piga deki, kisha rudia kwa maji matupu. Hiyo deki ya pili wengi huiruka. Kwa mtoto anayetambaa na kutia mikono kinywani ndiyo muhimu kuliko ya kwanza.

Saa 6 mchana

Samaki. Shombo ni ya upande wa magadi, ndiyo maana ndimu inaiua, na bibi zetu walilijua hili kwa pua. Lakini ndimu kuondoa harufu si sawa na kuua vijidudu. Kibao kilichokatiwa samaki au kuku mbichi kioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, ndipo kisuguliwe kwa nusu ya ndimu na chumvi ya mawe, kisimamishwe juani mpaka kikauke kabisa. Siki nayo haitegemewi kuua kila kidudu. Ndani ya nyumba mkiwa na mtu anayeharisha, choo na sakafu yake vinataka dawa ya klorini iliyopimwa kama chupa inavyoelekeza, madirisha wazi, watoto mbali. Kung'ang'ania vya asili siku hiyo si busara.

Saa 8 mchana

Mkate wa kumimina, ninaoupenda kuliko mikate yote ya pwani na unaoharibika kirahisi kuliko yote. Chuja mchele. Saga kwa blenda na tui zito mililita 350, hamira ya chembe kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chakula na iliki punje 6 zilizomenywa. Tui liwe limepoa. La moto huua hamira. Saga mpaka ukipikicha rojo vidoleni usisikie chembe. Chembe zikibaki, mchele haukulowa vya kutosha, na hakuna kupika kutakakouokoa.

Uzito wa rojo uwe kama wa vitumbua. Mchele hauna gluteni, hivyo hewa ya hamira inashikwa na uzito wa rojo peke yake. Likiwa jepesi, mapovu yanapanda na kupasuka, mkate unatoka bapa kama ngozi. Kwa joto la mchana dakika 40 zinatosha. Likianza kushuka katikati umechelewa, lipike mara moja.

Sukari iliyobaki, gramu 100, inaingia baada ya kuumuka, kwa sababu sukari nyingi mwanzoni huipunguzia hamira nguvu. Ongeza na ute wa yai 1, koroga taratibu, subiri dakika 10. Sufuria iwe imepata moto na mafuta yake, rojo likimiminwa litoe sauti. Moto mdogo chini dakika 5, mpaka vishimo vionekane pembeni, kisha makaa juu ya mfuniko dakika 15 hadi 20.

Saa 10 hadi jioni

Chai, na makombo yake. Sisimizi hufuata njia ya harufu waliyoiacha wenzao. Kuwafagia hakufuti njia. Futa mstari wote, mpaka kwenye ufa wanakotokea, kwa siki na maji nusu kwa nusu. Ukiweka miguu ya meza ya mkate kwenye makopo ya maji, badilisha maji kila baada ya siku 2, vinginevyo unafuga mbu.

Kabla ya giza, rafu inakaguliwa. Siki, klorini na mafuta ya taa visikae kamwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka 4 hasomi lebo, anatambua umbo la chupa.

Saa 3 usiku

Makaa yamezimwa kwa maji huko nje, majivu yatachekechwa yakikauka. Matambara ya jikoni yanachemshwa dakika 10 na sabuni, yanakamuliwa, yanatundikwa. Mkate wa asubuhi uliobaki umekatwa: wa kesho kwenye mfuko wa kitambaa, uliosalia kwenye frija, kwa kuwa katika unyevu wa Dar ukungu huanza siku ya tatu. Bakuli la kesho limeshapimwa, atta gramu 300, nyeupe gramu 200, chumvi kwenye kisahani chake pembeni.